Ngome ya Udongo Kando ya Mto Thames

Anayefika Wallingford akitarajia minara ya mawe na malango ya chuma huenda akaipita ngome bila kuiona. Iko pale pale, pembezoni mwa mji, na kwa eneo ni miongoni mwa ngome kubwa za Uingereza ya zama za kati. Ila iliyobaki karibu yote ni udongo: kilima kilichorundikwa kwa mikono, mahandaki makavu yenye kina cha kumficha mtu mzima, na matuta marefu yaliyoota nyasi yakishuka hadi kwenye malisho ya kando ya Mto Thames. Vipande vichache vya ukuta vimesimama huku na huku, vimechakaa na kupoteza umbo.

Mimi naishi Reading, na Wallingford uko njiani kwenda Oxford. Nimeizunguka ngome hii katika majira yote ya mwaka. Wakati mzuri kuliko wote ni asubuhi ya baridi, jua likiwa chini. Mwanga wa pembeni huangusha vivuli kwenye kila bonde na kila mgongo wa ardhi, na mtu anaona waziwazi pale palipochimbwa na pale palipojazwa. Saa sita mchana za kiangazi, uwanja huo huo unaonekana kama malisho ya kawaida tu.

Tukisikia neno ngome wengi wetu tunawaza mawe. Wanormani walipovuka bahari kutoka Ufaransa mwaka 1066 hawakuwa na muda wa mawe. Ukuta wa mawe ni kazi ya miaka, unahitaji mafundi, chokaa na machimbo. Wao walikuwa wachache katikati ya watu waliowachukia, na walihitaji kitu cha kusimama haraka. Mwandishi Orderic Vitalis, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1075, miaka 9 baada ya uvamizi, anasimulia kwamba William, mfalme wa Kinormani, alipoutiisha tena mji wa York mwaka 1069 alikaa mjini siku 8, na katika siku hizo ngome ya pili ikajengwa.

Mbinu yenyewe ni rahisi kueleza. Unachimba handaki la mviringo, na udongo unaotoka unaurundika katikati mpaka upate kilima. Juu ya kilima unasimamisha mnara wa mbao. Chini yake unazungushia ua mpana kwa tuta na uzio wa magogo, na ndani ya ua unaweka mazizi, ghala, jiko, kanisa dogo na mabweni ya askari. Shimo ndilo linalozaa mlima. Kadiri handaki linavyozidi kina ndivyo kilima kinavyozidi kimo, na adui analipa gharama mara mbili: kushuka, kisha kupanda.

Kazi hiyo imechorwa. Katika kitambaa maarufu cha Bayeux, kilichotariziwa miaka michache baada ya vita, kuna picha ya watu wakiinua kilima cha Hastings kwa mabeleshi. Kilima kimetiwa mistari ya rangi tofauti, na wataalamu wengi wanaamini mistari ile ni matabaka: udongo wa aina moja, kisha wa aina nyingine, ukishindiliwa ili usiporomoke. Pembeni wafanyakazi wawili wanapigana kwa mabeleshi vichwani. Aliyetarizi alikuwa na picha nzito za kushona, za meli, farasi na mauti ya mfalme, lakini akaona ugomvi ule nao unastahili uzi wake.

Sababu ya ngome kuwa Wallingford ni mto. Baada ya kushinda vita vya Hastings tarehe 14 Oktoba 1066, William alikwama mbele ya London, maana daraja lililindwa. Akazunguka upande wa kusini na magharibi akichoma na kupora, mpaka akafika Wallingford, mahali ambapo jeshi liliweza kuuvuka Thames. Hapo Stigand, Askofu Mkuu wa Canterbury, alimjia na kujisalimisha kwake. Siku ya Krismasi William akavikwa taji Westminster. Anayeshika kivuko kile ameshika mlango wa kuingilia kaskazini, na katika miaka michache iliyofuata Robert d'Oyly, mmoja wa watu wa mfalme, akaanza kujenga ngome pale.

Wallingford haukuwa pori. Ulikuwa mji uliopangwa tangu enzi za Mfalme Alfred wa Wasaksoni, waliotawala kabla ya Wanormani, na mwanawe, mwishoni mwa karne ya 9 na mwanzoni mwa karne ya 10, kwa ajili ya kujikinga na Waviking. Nao ulikuwa na boma lake la udongo, ambalo sehemu kubwa bado ipo na watoto hucheza juu yake. Orodha ya kale ya miji ile inaupa Wallingford ardhi ya kutosha kutoa walinzi 2,400, sawasawa na Winchester, mji mkuu wa wafalme wa Wessex. D'Oyly akaichukua kona ya kaskazini mashariki ya boma hilo, ile inayotazama maji, akaipachika ngome yake hapo. Yaani Wanormani waliuchimba udongo wa Wasaksoni na kuugeuza uwatazame wenyewe.

Watu waliokuwa wakiishi kwenye kona ile walihamishwa. Mwaka 1086, maofisa wa mfalme walipoandika hesabu kuu ya nchi inayojulikana kama Domesday, walirekodi nyumba 8 za Wallingford zilizoharibiwa kwa ajili ya ngome. Kwingine hali ilikuwa mbaya zaidi: Lincoln nyumba 166, Norwich 98. Kilichoandikwa ni nyumba na kodi iliyopotea. Wenye nyumba walikwenda wapi, hesabu ile haikujali.

Mama yangu alipokuja kunitembelea nilimpeleka Wallingford. Mama ni mtu wa Mlalo, milima ya Usambara, na amelima maisha yake yote. Tulisimama juu ya tuta la nje, upepo ukitoka mtoni, akazungusha macho.

"Mwanangu, ngome yenyewe iko wapi?"

"Tumesimama juu yake, mama."

Hakusema kitu. Akashuka polepole hadi chini ya handaki, mimi nikimshika mkono, akasimama katikati akitazama ukuta wa nyasi ulioinuka kila upande. Akainama, akabonyea udongo kwa kidole kama anavyofanya shambani kwake.

"Huu wote uliorundikwa kule ulitoka humu?"

"Ndiyo, mama."

"Na waliochimba, walipewa nini?"

Ili kulielewa swali hilo inabidi kujua alikotoka. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, serikali ya kikoloni ya Waingereza ilianzisha mradi wa kuzuia mmomonyoko wa udongo Usambara. Ulianzia Mlalo mwaka 1946, na kuanzia 1950 ukatandazwa milima yote. Wakulima waliamriwa kuchimba matuta kwenye mashamba yao yenye mteremko, kwa jembe la mkono, bila malipo, na asiyetimiza alipelekwa barazani na kutozwa faini. Nia iliyotangazwa ilikuwa njema na mmomonyoko ulikuwa wa kweli. Lakini watu waliona nguvu zao zikizikwa ardhini kwa amri ya mtu asiyelima, wakapinga mwaka hadi mwaka, na kabla ya uhuru mradi ukawa umekufa. Mama alikuwa mtoto mdogo. Anakumbuka bibi yangu akirudi jioni na kukaa kizingitini bila kuzungumza. Kwao neno matuta mpaka leo lina uzito ambao mtu wa mjini hausikii.

Kwa hiyo mama alilisoma handaki la Wallingford kuanzia kwa mchimbaji, na nadhani ndiyo njia sahihi ya kulisoma. Watawa wa Kiingereza walioandika kumbukumbu za kila mwaka walipompima William baada ya kifo chake mwaka 1087 walimsifu kwa baadhi ya mambo, lakini waliweka pia kwamba alijenga ngome na kuwatesa sana watu maskini. Kwao ngome na mateso viliandikwa kwa pumzi moja. Miaka 50 baadaye, wakati wa vita vya ndani, mtawa wa Peterborough alilalamika tena kwamba mabwana wameijaza nchi ngome na kuwachosha wanyonge kwa kazi za kuzijenga.

Nilimjibu mama kwamba kwa kawaida hawakulipwa kitu. Ilikuwa kazi ya lazima, wajibu wa kumtumikia bwana wa ardhi. Akatikisa kichwa, akasema, "Basi hii ni kazi yao. Isichezewe."

Nimeyazingatia sana maneno hayo. Katika ngome za mawe za karne zilizofuata tunazo hesabu za malipo, alama ambazo waashi walichonga kwenye mawe yao, hata majina ya mafundi wakuu. Katika ngome ya udongo hatuna kitu. Hakuna aliyeandika majina ya wanavijiji wa bonde la Thames walioletwa na mabeleshi yao. Walichoacha ni umbo la ardhi. Mteremko wa handaki ni mteremko walioukata wao, na matabaka ndani ya kilima yamepangwa kwa mpangilio waliourundika wao, kikapu baada ya kikapu. Ukilisawazisha lile tuta umefuta waraka pekee waliouacha, na hakuna nakala.

Historia ya baadaye nitaipitia haraka, ingawa ina mambo ya kusisimua. Katika vita kati ya Mfalme Stephen na binamu yake Matilda, Wallingford ilikuwa upande wa Matilda na haikuanguka. Desemba 1142 Matilda alikuwa amezingirwa Oxford, chakula kimekwisha na mto umeganda. Akatoroka usiku na wafuasi wachache waliovaa mavazi meupe ili wasionekane kwenye theluji, wakavuka barafu kwa miguu, wakapita Abingdon, na alfajiri ya usalama wake ilikuwa hapa Wallingford. Mwaka 1153 Stephen na Henry, mwana wa Matilda, walikutana na majeshi yao wakitazamana ng'ambo na ng'ambo ya Thames karibu na ngome hii. Mabwana wa pande zote mbili wakakataa kupigana. Mazungumzo yaliyoanza hapo yalimaliza vita vya karibu miaka 20, na Desemba 1154 Henry akatawazwa. Ngome ikavikwa mawe, ikawa makao ya watu wa kifalme kwa zaidi ya miaka 200. Joan wa Kent, mama wa Mfalme Richard II, alifia humo mwaka 1385.

Kisha mawe yakaanza kuondoka. Karne ya 16, katika utawala wa Malkia Mary wa Kwanza, madini ya risasi ya mapaa na mawe vilichukuliwa kwa ajili ya kazi za kasri la Windsor, na mto ule ule ulioileta ngome ukatumika kuibomoa, maana Windsor iko mbele zaidi kwenye mkondo wa Thames. Katika vita vya Mfalme Charles na Bunge, Wallingford ilikuwa kati ya ngome za mwisho za mfalme kusalimu amri, Julai 1646. Watawala wapya hawakutaka irudi kuwa kimbilio la maadui, na mwaka 1652 serikali yao ikaamuru ibomolewe. Walichoweza kubomoa ni mawe. Jiwe lililochongwa lina soko: linaingia kwenye nyumba, zizi, daraja. Udongo wa handaki haununuliwi na mtu, na kuurudisha ulikotoka ni kazi kubwa kama ile ya kuuchimba. Ndivyo sehemu ya kwanza kabisa ya ngome ilivyozishinda sehemu zote zilizokuja baada yake.

Lakini udongo ukishindwa kuuzwa hauwi salama. Jembe la kukokotwa na farasi lilisawazisha ngome nyingi ndogo za Kinormani vijijini, na trekta limesawazisha nyingi zaidi katika karne iliyopita. Reli zilipita katikati ya nyingine. Hapa ndipo sheria inapoingia, nami naieleza kwa sababu watu wengi wanadhani ulinzi wa mambo ya kale ni suala la kuweka uzio na kibao.

Uingereza ilipata sheria yake ya kwanza ya kulinda mambo ya kale mwaka 1882. Aliyeipigania bungeni kwa miaka mingi ni Sir John Lubbock, mtu wa benki na msomi, ambaye kabla ya hapo alinunua ardhi Avebury kwa fedha zake ili pasijengwe nyumba juu ya duara la mawe la kale. Wenye mashamba walipinga vikali, wakiona serikali inanyoosha mkono kwenye mali zao. Sheria iliyopita ilikuwa dhaifu: orodha ya maeneo 68 tu Uingereza na Ireland, karibu yote ya zama za kabla ya maandishi, na ilitegemea hiari ya mwenye ardhi. Ngome ya Kinormani haikuwa na nafasi humo.

Kilichobadilisha hali ni tukio la Tattershall, ngome ya matofali huko Lincolnshire. Mwaka 1911 mapambo yake ya mawe yaliyochongwa, yale yanayopamba mahali pa kuotea moto, yalikuwa yameng'olewa yauzwe Marekani. Lord Curzon, aliyewahi kuitawala India kwa niaba ya mfalme na kusimamia huko sheria ya mambo ya kale ya mwaka 1904, akainunua ngome na kuyarudisha mapambo yale. Mjadala uliozuka ulizaa sheria ya 1913, iliyoipa serikali meno kwa mara ya kwanza. Sheria za familia hiyo zilisafiri na utawala wa kikoloni. Kenya ilipata yake mwaka 1927, na magofu ya Gede yakawa kati ya maeneo ya mwanzo kuwekwa chini ya ulinzi. Serikali iliyojifunza kulinda handaki la kwao ndiyo iliyokuja, chini ya miaka 20 baada ya sheria ile ya Kenya, kuwaamuru watu wa Mlalo wachimbe matuta. Mambo hayo mawili nayashika pamoja, sioni sababu ya kuliacha moja.

Sheria inayotumika sasa ni ya 1979. Eneo likiingizwa kwenye orodha ya taifa, huruhusiwi kuchimba, kujaza, kubomoa, kujenga wala kumwaga kifusi bila kibali cha waziri, anayeshauriwa na shirika la umma la Historic England. Kuharibu kwa makusudi au kwa uzembe ni jinai, na kifungo kinaweza kufika miaka 2. Kupita na mashine ya kutambua metali bila leseni ni kosa hata kama hukuchimba kitu. Jambo zuri kuliko yote katika sheria hii ni kwamba inalinda kisichoonekana: ulinzi haukomei kwenye kilima na tuta, unashuka hadi chini ya nyasi. England pekee ina maeneo karibu 20,000 ya namna hiyo, na ngome ya Wallingford ni mojawapo.

Na ni vizuri kusema wazi sheria hiyo haifanyi nini. Haimnyang'anyi mwenye ardhi ardhi yake, wala haimpi mpita njia haki ya kuingia. Inamkataza mwenye eneo kuharibu, lakini haimlazimishi kutunza. Akiliacha handaki lijae miiba na miti hajavunja sheria yoyote. Zaidi ya hapo, kwenye maeneo yaliyokuwa yakilimwa kihalali kabla, kilimo cha aina ile ile kinaweza kuendelea kwa kibali cha jumla, na jembe linaendelea kumenya milimita chache kila msimu. Hili la mwisho linaniuma. Tunaliita eneo urithi wa taifa, tunaliandika kwenye orodha, kisha tunaruhusu likatwe kidogo kidogo mpaka liishe. Serikali ina mipango ya kuwalipa wakulima wanaogeuza maeneo kama hayo kuwa malisho, na fedha hizo naziona bora kuliko za mnara wowote wa ukumbusho.

Uharibifu wa ngome za udongo ni wa polepole na hauna mtu wa kukamatwa. Ng'ombe hulisha vizuri na kuziweka nyasi fupi, jambo linaloufaa udongo, lakini wakikusanyika mahali pamoja wakati wa mvua, kwenye hori la maji au chini ya mti, kwato zao hukata mteremko hadi udongo mwekundu utoke. Ndiyo maana wasimamizi huhamisha mahori mbali na matuta, na mara nyingi hupendelea kondoo. Mti mkubwa ni mzuri mpaka siku ya dhoruba. Ukianguka, mizizi yake inang'oa kipande kizima cha kilima pamoja na matabaka yake ya karne ya 11. Kwa hiyo mtu anayekata mti juu ya ngome pengine anailinda, na anaukata bila kung'oa kisiki. Sungura huchimba mashimo madogo mengi. Vijana wa baiskeli hupenda miteremko mikali. Sisi wageni wa miguu nasi tumo: kila mmoja akipanda kilima kwa njia ya mkato ile ile, nyasi hufa, mvua hupata mfereji, na mfereji huwa korongo.

Mgumu kuliko wote ni nyegere wa Ulaya, yule mwenye mistari myeusi na myeupe usoni. Anapenda mteremko mkavu wenye udongo laini, na Wanormani walimtengenezea mamia. Familia moja ya nyegere inaweza kutoboa mahandaki ya mita nyingi ndani ya kilima na kutupa nje udongo uliojaa vigae na mifupa ambavyo haviwezi tena kurudishwa kwenye tabaka lake. Naye pia analindwa: sheria ya 1992 inakataza kumsumbua au kuziba shimo lake bila leseni. Sheria mbili nzuri zinakutana kwenye kilima kimoja. Suluhisho lipo lakini ni la gharama: leseni, malango ya muda yanayomruhusu nyegere kutoka bila kurudi, kisha wavu wa chuma chini ya nyasi, na makao mengine jirani. Mimi nimeridhika kwamba linafanyika polepole na kwa heshima kwa mnyama. Kinachonisikitisha ni maeneo yasiyo na fedha hata za kumwita mtaalamu akatazame.

Halafu kuna wezi wa usiku, wanaokuja na mashine za kutambua metali. Sarafu moja wanayoiuza haina thamani kubwa. Hasara iko kwenye shimo, kwa sababu sarafu hiyo ndani ya tabaka lake ingeweza kutuambia tuta lile lilijengwa lini.

Kwa nini tusubiri, tusichimbe yote tukajua? Jibu langu ni Marlborough, mji ulio magharibi, kando ya Mto Kennet. Pale kuna kilima cha karibu mita 19 ambacho kwa vizazi kilijulikana kama kilima cha ngome ya Kinormani, na kweli Wanormani walikitumia. Mwaka 2010 watafiti walitoboa kwa bomba jembamba kutoka kileleni hadi chini, wakatoa nguzo ya udongo na kuipima mkaa wake. Majibu yalionyesha kilima kilirundikwa karibu mwaka 2400 kabla ya Kristo, zaidi ya miaka 3,000 kabla ya Mnormani yeyote kukiona. Kabla ya vipimo vya kaboni, vinavyoonyesha umri wa mkaa, mtu angekifukua, angetafuta mawe ya Kinormani, angetupa udongo pembeni, na habari hiyo ingepotea milele. Skipsea huko Yorkshire nako majibu yalikuja kushangaza: kilima kilichohesabiwa kuwa cha Kinormani ni cha Zama za Chuma.

Wallingford nako wamefanya kazi kwa subira. Wanaakiolojia wa vyuo vikuu vya Leicester, Exeter na Oxford walishirikiana kwa miaka kadhaa, kwa sehemu kubwa wakipima ardhi kwa vyombo visivyochimba, kisha wakafungua mashimo machache kwenye sehemu zilizochaguliwa. Nyasi zilizozikwa chini ya tuta siku lilipojengwa zinaweza kutunza chavua ya mimea ya mwaka ule. Tope la handaki lililo karibu na maji huweza kuhifadhi mbao na ngozi ambazo penye ukavu zingeoza. Mto bado unafanya kazi yake pale chini, na ndiyo maana mabadiliko ya kina cha maji, iwe ni mafuriko au ukame, nayo ni tishio la kufuatiliwa.

Kwa wanaoishi huku na wangependa kusaidia: orodha ya taifa iko wazi kwenye tovuti ya Historic England, na unaweza kuona ramani ya kila eneo lililolindwa karibu na kwako. Ukikuta mashimo mapya yaliyochimbwa usiku, piga simu polisi ya kawaida, useme wazi kwamba ni eneo la kale linalolindwa. Vikosi vingi vina maofisa wa uhalifu wa aina hiyo. Penye ngazi, tumia ngazi. Thetford, kwenye kilima cha Kinormani chenye kimo cha takriban mita 20, waliweka ngazi hadi kileleni kwa sababu miguu ya watu ilikuwa imekula mteremko, na nyasi zikapata nafasi. Wapo wanaolalamika kwamba ngazi zinaharibu sura. Mimi nazipenda, bila ngazi zile mama asingefika juu, na kilima kingezidi kupungua.

Na kwa wanaoandika mbao za maelezo, nina ombi. Mbao nyingi nilizozisoma kwenye ngome za huku zinaanza na jina la mfalme, kisha bwana aliyepewa ardhi, kisha mwaka. Naomba sentensi moja juu ya hayo yote iseme kwamba mahali hapa palichimbwa na wanavijiji wa eneo hili, kwa mabeleshi na vikapu, kwa kulazimishwa, na kwamba nyumba za watu zilivunjwa kupata nafasi. Kwa Wallingford idadi ya nyumba tunayo.